Daftari Lililokuwa Ukutani

Kwetu Mibirizi, mwenye nyumba za kupangisha hana pa kujificha. Mali yake iko barabarani. Anayepanda kwenda hospitalini kumpelekea mgonjwa chakula hupita mbele ya milango yangu, akaihesabu, akazidisha kwa bei ya chumba anayoisikia sokoni, na kabla hajafika getini amekwisha kunipangia mshahara. Idadi ya milango nitaibakiza kwangu, wanaopita wanaijua. Hesabu wasiyoipiga ni ya choo kilichojaa, bati lililong'olewa na upepo, na mpangaji aliyehama usiku na balbu zake na zangu.

Vyumba vya kwanza alivijenga baba kwa pesa ya kahawa. Kahawa ya Rwanda ilianzia kwenye kilima hiki: mapadre wa Wamisionari wa Afrika walifungua misheni mwaka 1903, na muda mfupi baadaye wakapanda miche iliyokuja kuwa asili ya aina inayoitwa Mibirizi hadi leo. Baba alikuwa mtu wa zao hilo, mtu wa mizani na risiti, na hakuamini maneno matupu. Alitundika daftari kwenye msumari koridoni. Mpangaji akileta kodi, inaandikwa palepale: jina, chumba, kilicholipwa, kilichobaki, kisha sahihi. Kila mtu aliona. Hakuna aliyeweza kudai amelipa asipolipa, na baba mwenyewe hakuweza kumzidishia mtu deni. Uwazi ule ndio uliompa jina zuri.

Niliporithi vyumba niliendelea vilevile, ila nikaongeza safu mbili, namba ya simu na namba ya kitambulisho. Umudugudu, yaani kijiji chetu kiserikali, nao una daftari lake, na mgeni akilala kwako ni wajibu kumwandikisha. Mkuu wa umudugudu akija kuuliza, nilimfungulia ukurasa tu. Kodi yenyewe ilikwisha kuhamia kwenye simu. Noti hazikuonekana tena koridoni, lakini daftari lilibaki kwenye msumari wake, na kalamu ikining'inia kwa uzi.

Wiki ya kuelekea Krismasi mwaka 2024, wapangaji wangu walipigiwa simu mmoja baada ya mwingine. Mpigaji alisema ni mimi. Alisema ana mafua, ndiyo maana sauti imekauka, na mvua ikinyesha kwetu mtandao huharibu sauti ya mtu. Laini yake, alisema, imeharibika. Kodi ya mwezi itumwe namba nyingine, na jina litakalotokea ni la mkwe wake anayemsaidia hesabu. Kila anayetuma pesa kwa simu huonyeshwa jina la mpokeaji kabla hajathibitisha. Tapeli alilijua tundu hilo, akaliziba mapema.

Hata hivyo watu hawakuangushwa na mafua wala mkwe. Muuguzi wa chumba cha tatu aliambiwa, "Mwanangu, na zile elfu kumi za Novemba usizisahau." Elfu kumi za Novemba zilikuwa deni la kweli, kwa mwezi wa kweli. Mfanyabiashara wa vitenge, mtu wa Bukavu upande wa Kongo, aliambiwa ametangulia kulipa hadi katikati ya Januari, kwa hiyo atume nusu. Nani mwingine angejua hayo? Alituma nusu. Nilipokwenda kugonga mlango wake siku ya kodi alinitazama kama mtu aliyerukwa na akili.

"Papa, si nimekutumia jana? Ukasema ni jina la mkwe wako."

"Mkwe gani? Binti yangu yuko sekondari."

Akanionyesha ujumbe kwenye simu. Jina sikulijua, kiasi kilikuwa sahihi hadi faranga ya mwisho.

Jioni ile tulisimama wote koridoni na hakuna aliyemwangalia mwenzake usoni. Mimi nilikuwa nawaza nani kati yao kauza ukurasa. Wao walikuwa wanawaza kama si mimi niliyecheza mchezo huo ili nilipwe mara mbili. Mmoja alilisema wazi, na simlaumu. Daftari lilikuwa pale ukutani, na safu zake saba zilitosha kumfundisha tapeli kila alichokisema. Picha moja ya simu, sekunde moja. Fundi bomba alipita hapo, makomisyoneri wanaoleta wapangaji walipita, wageni wa wapangaji, watoto. Hadi leo sijui ni nani, na nimeacha kumtafuta.

Nikiwa nimezama katika kodi iliyopotea, muuguzi wa chumba cha tatu alisema neno lililonikalia kifuani kuliko hasara yenyewe. "Mzee, pesa nitatafuta nyingine. Mimi kilichoniuma kilianza zamani. Tangu Novemba kila aliyepita hapa alijua kwamba muuguzi anadaiwa elfu kumi. Hata mgonjwa wangu mmoja aliniuliza." Alikuwa amesomesha mdogo wake mwezi ule. Hilo hakulisema yeye, nililisikia baadaye kwa mwenzake.

Yaani kabla ya mwizi kufika, daftari la baba lilikuwa limekwisha kumwibia mtu kitu. Zama za baba wapangaji walikuwa watu wa hapahapa, wakijuana hadi kwa babu zao, na deni la mmoja lilikuwa habari ya kijiji hata bila kuandikwa. Sasa wanatoka Huye, Musanze, Bukavu, Bujumbura. Wanakuja kufanya kazi, hawakuja kujulikana.

Kesho yake tulikwenda pamoja kituo cha RIB, Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda. Nilitaka wanione nikitoa maelezo mbele yao, kwa sababu shaka ikikaa ndani ya nyumba moja huwa haitoki yenyewe. Jambo moja nililoelekezwa nikiwa kwenye foleni, na mtu mwingine aliyeibiwa, lilikuwa kupiga *125#, nione laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu. Kulikuwa na laini moja nisiyoijua. Mtu fulani alikuwa anatembea nayo, na siku akikamatwa nayo jina la kwanza kusomwa lingekuwa langu. Niliifungisha siku hiyohiyo. Ukifikiri nakala za kitambulisho ulizowahi kuacha kwenye vibanda vya fotokopi na kwa watu wenye haraka, utaona kwamba ajabu ni kukuta moja tu.

Huku wilayani Rusizi matapeli wa simu wana jina lao, abameni, na kata za milimani jirani na sisi zimesikika sana katika habari hizo. Mwanzoni mwa 2025 RIB iliwaonyesha waandishi wa habari kundi la watuhumiwa zaidi ya 40 wa wizi wa aina hiyo. Kama aliyejifanya mimi alikuwamo, sina habari. Pesa zetu zilikuwa zimetolewa kwa wakala dakika chache baada ya kuingia, na jalada letu lipo.

Jirani alinishauri niwadai upya. "Wao ndio waliodanganywa, wewe nyumba yako imelaliwa." Lakini maneno yaliyowadanganya yalitoka ukutani kwangu. Tukakubaliana nusu kwa nusu: nusu ya kodi waliyopoteza nikaibeba mimi, nusu wakailipa polepole hadi Machi. Ada ya binti yangu ya muhula wa Januari nilikopa kwenye ikimina chetu, kikundi cha kuweka na kukopa, na ndugu zangu wa ikimina hawakukosa kuuliza mtu mwenye vyumba vyote vile anakopaje. Hapo nilionja upande wa pili: kukaa katikati ya watu wanaozidisha milango kwa bei, na wewe peke yako unajua pesa zilizotoka.

Daftari nililiondoa. Kila mpangaji sasa ana kijitabu chake mwenyewe, ukurasa mmoja ananisainia, mmoja namsainia, na changu kimoja kiko kabatini kwa ufunguo. Kodi inalipwa kwa msimbo wa biashara wa MoMo, huduma ya pesa kwa simu, yaani namba fupi ya mlipwaji inayoonyesha jina la biashara, si kwa laini yangu ya kuongelea na ndugu. Namba ya simu iliyokuwa imepakwa rangi kwenye geti nimeifuta. Na tumewekeana sharti ambalo limezuia wizi angalau mara moja: jambo lolote la kubadilisha namba ya kulipia halisemwi kwa simu, nalisema mlangoni, uso kwa uso. Mwezi Aprili mtu alimpigia mpangaji mpya akijiita mimi, akaambiwa aje mlangoni. Hakuja.

Jambo la vitambulisho lilinisumbua zaidi. Namba ya kitambulisho cha Rwanda ina tarakimu 16, na anayeijua anasoma humo mwaka wako wa kuzaliwa na kama u mwanamume au mwanamke kabla hajakuuliza lolote. Nilikuwa nimetundika hizo namba koridoni. Na Mibirizi si mahali pa kuchezea orodha ya watu. Kadi ambazo Wabelgiji walizileta miaka ya 1930 zilikuwa na mstari wa kabila, na mstari huo ulibaki hadi mwaka 1994, watu walipoulizwa kadi vizuizini. Wengi wa waliokimbilia parokia yetu Aprili ile waliuawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Ukumbusho wao uko hapa juu, tunapita mbele yake tukienda kanisani. Kadi za sasa hazina mstari ule. Sisemi daftari la kodi ni kitu kimoja na hayo. Nasema wazee wa hapa, nilipowaeleza kwa nini nimeondoa daftari, hawakuhitaji maelezo marefu.

Sheria nayo ipo tangu Oktoba 2021, sheria namba 058/2021 ya kulinda taarifa binafsi na faragha, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao. Tunaisikia redioni tukidhani ni ya benki na makampuni ya simu. Mambo inayoyataka yanaweza kuingia hata kabatini kwangu: chukua taarifa unayoihitaji, itumie kwa kazi uliyoichukulia, usikae nayo baada ya kazi kwisha. Kwa hiyo nakala ya kitambulisho ninayopewa naipiga mistari miwili na kuandika juu yake "kwa kupanga chumba tu" na tarehe. Mpangaji akihama anarudishiwa.

Wapo wanaosikia habari hizi wakadhani nimejifunza kuficha mapato. Hapana. Mamlaka ya Mapato inapewa hesabu yote. Sitatoa hesabu yangu, nitatoa ya mfano: mwenye kupokea 180,000 kwa mwezi anapata 2,160,000 kwa mwaka. Nusu inahesabiwa kuwa gharama, inabaki 1,080,000. Katika hizo, 180,000 za kwanza hazitozwi; zinazofuata hadi milioni moja ni asilimia 20, yaani 164,000; zilizobaki 80,000 ni asilimia 30, yaani 24,000. Jumla 188,000, na mwisho wa kulipa ni tarehe 31 Januari. Nikiwa na risiti hiyo kabatini, mtu akinipigia Januari na kujiita afisa wa mapato, namwacha aongee hadi salio lake liishe. Mkuu wa umudugudu anapewa majina ya wanaolala kwangu, maana usalama ni wake pia, ila nani anadaiwa hajawahi kuuliza tena na mimi sijamwambia. Fundi anapewa ufunguo wa chumba kimoja. Kila mtu na fungu lake.

Wasioridhika ni makomisyoneri. Mmoja alitaka kupiga picha mkataba "kwa kumbukumbu". Nilimlipa komisheni yake, nikamwambia kumbukumbu ninazo mimi. Ameeneza kwamba nimekuwa mgumu.

Februari 2025 vita vilipofika Bukavu, watu walivuka mpaka wa Rusizi na mizigo kichwani, na wengine wakapanda hadi huku kutafuta chumba. Nilimpokea mama mmoja na wanawe. Alipoona natoa karatasi alirudi nyuma hatua moja. Akauliza jina lake litakwenda wapi. Nikamwambia: moja kwa mkuu wa umudugudu, twende wote akuone, moja hapa kabatini, na ukiondoka unachukua. "Papa, unaapa?" Sikuapa, nilimwonyesha kabati.

Alipoamua kurudi kwao alikuja na wanawe wote mlangoni kudai karatasi. Nikampa. Aliichana vipande vinne mbele yangu, akavitia kwenye pochi, kisha akaniuliza siku mbili zilizobaki za mwezi ambazo hatalala kwangu namrudishia kiasi gani. Tukabishana kidogo. Nikamrudishia.