Kosa Liko Juu

Fundi yeyote wa mtaani, awe wa redio, wa pasi au wa friji, ana kauli yake ya akiba: "Ni umeme huo, mama." Kauli tamu sana. Haina mjadala, maana nani katika jiji hili hajaunguziwa kitu na umeme? Mimi niliitumia kwa dada yangu wa kunizaa mwaka 2021, ikapita laini kama uji. Sasa naomba niieleze kasheshe yenyewe ilivyokuwa.

Dada ana steshenari Mbagala. Chumba kimoja, mashine ya fotokopi, printa, na kompyuta ya mezani ya zamani, Core 2 Duo yenye ram ya gigabaiti nne. Wanachuo wanamletea ripoti zao awachapie na kuwatolea, na kila mwanachuo anakuja na flashi yake, na kila flashi na virusi vyake. Ilifika mahali mtu anafungua faili la risechi yake anakuta limegeuka kijialama kisichofunguka, anaanza kulia palepale juu ya fotokopi. Mwaka 2020 mimi, niliyejifunza kompyuta kwa kudandia za washikaji, nikapiga kifua: dada, niachie mimi. Nikaufuta mfumo wote nikamwekea Gentoo.

Kwa msomaji asiyeijua: mifumo mingi inakupa programu zilizokwisha kupikwa, kama chapati za mama ntilie. Unachukua, unakula, unaondoka. Gentoo, wakati ule, ilikuwa inakupa unga, mafuta na jiko. Programu inakuja ikiwa bado ni maandishi ya waandishi wake, kisha mashine yako yenyewe inayakompaili, yaani inayageuza kuwa kitu inachoweza kukiendesha. Jina limetoka kwa pengwini fulani mwenye mbio sana majini. Toleo la 1.0 lilitoka mwaka 2002, mwanzilishi akiwa Daniel Robbins wa Marekani, na wazo la upishi huo aliliazima kwenye mfumo mwingine uitwao FreeBSD. Mpishi mkuu anaitwa Portage. Ukitaka kumtuma unaandika emerge na jina la programu, halafu unakwenda kuoga, kula, kulala, kuamka. (Tangu Desemba 2023 wanatoa pia chapati zilizoiva. Nisingekuwa na habari ya kuandika kama ingekuwa hivyo mapema.)

Ukiniuliza kwa nini steshenari ya Mbagala ilihitaji mfumo wa namna hiyo, nitakujibu kwamba unaweza kuzima usivyovihitaji kabla hujapika, na mashine kongwe ikapumua. Ni kweli. Lakini kweli zaidi ni sifa. Kijiweni mtu akisema "natumia Gentoo" wenzake walikuwa wanamtazama mara mbili.

Mateso yalianza wiki ile ile. Nilijiona mjanja nikaiambia mashine ifanye kazi nne kwa mpigo wakati wa kukompaili, ili imalize haraka. Saa tatu baadaye kila kitu kikaanguka, na mstari wa mwisho kwenye kioo ukasema Error 2. Siku mbili nzima nilikuwa nauliza watu Error 2 ni ugonjwa gani. Kumbe si ugonjwa. Ni msimamizi wa kazi anakwambia tu kwamba mmoja wa vibarua wake ameshindwa, basi. Ni kama kumuuliza konda gari limekufa nini, akajibu, "Limekufa."

Mkubwa mmoja wa kijiweni, ambaye hakuwa na maneno mengi, aliniambia: acha kusoma chini, panda juu. Portage inahifadhi kila ilichokisema katika faili liitwalo build.log. Nikalifungua, nikaanza kupanda. Kazi zikiwa nne, mmoja akianguka wale watatu hawajui, wanaendelea kuropoka mpaka wamalize walichoshika, kwa hiyo kosa lenyewe linafukiwa chini ya maneno ya watu wasio na hatia. Mistari kama mia mbili juu nikalikuta: kompaila imeuawa. Nani kaiua? Nikatazama kumbukumbu za kiini cha mfumo, jibu likawa pale pale. Ram iliisha, kiini kikachagua wa kutoa kafara. Mwongozo wa Gentoo unasema wazi kwamba kila kazi moja itengewe kama gigabaiti mbili. Mimi nilikuwa na nne. Nikapunguza kazi zikawa mbili, mambo yakaenda.

Baada ya hapo nikaanza kunogewa. Nilikutana na freetype na harfbuzz, programu mbili zinazoshughulika na herufi za kwenye kioo. Freetype inataka harfbuzz iwepo kwanza, na harfbuzz inataka freetype iwepo kwanza. Portage ikasimama ikanionyesha duara. Sisi wa hapa duara hilo tunalijua: kitambulisho hupewi bila barua, na barua hupewi bila kitambulisho. Tofauti ni kwamba hapa kuna mlango wa halali. Unaijenga freetype kwanza ukiwa umeizimia swichi ya harfbuzz, inatoka ikiwa na kilema kidogo, kisha unajenga harfbuzz, kisha unarudi kuijenga freetype upya ikiwa kamili. Siku ile nilitembea Mbagala nzima kama mtu aliyeteuliwa ubalozi.

Sasa tufike penyewe.

Mwezi wa kumi 2021 Gentoo walitoa tangazo. Kuna faili moja liitwalo libcrypt, ambalo kazi yake ni kusaga nywila ili zisihifadhiwe wazi wazi. Kwa miaka mingi lilikuja ndani ya glibc, ile maktaba kubwa ambayo karibu kila programu inaiegemea. Sasa linahamishwa, litatoka kwenye kifurushi chake cha pekee, libxcrypt. Uhamisho ungefanyika tarehe 1 Novemba 2021. Tangazo lilisema wengi hawataona tatizo lolote, ila lilishauri jambo moja: kabla ya siku hiyo, hakikisha mfumo wako wote umesasishwa, ili Portage ipate njia iliyonyooka.

Nililisoma. Naomba hilo lieleweke. Nililisoma mpaka chini, nikasema nitafanya kesho. Mashine ilikuwa haijasasishwa tangu mwezi wa sita, kwa sababu bando ni hela, na kwa sababu ilikuwa inafanya kazi.

Jumapili tarehe 14 Novemba, steshenari imefungwa, nikaingia. Nikaiambia Portage isasishe kila kitu. Ikagoma. Vifurushi viwili vinagombea faili moja, libcrypt.so.1, haiwezi kumpa mmoja bila kumpokonya mwingine, na katika lundo la miezi mitano haikuona njia. Ikaniandikia maelezo marefu. Juu kabisa ilitaja vifurushi vya zamani vilivyoshikilia mambo, ambavyo ningevisasisha kwanza. Mimi nikasoma chini. Chini kulikuwa na jina la faili. Nikasema moyoni, kumbe ugomvi wote ni kafaili haka? Nikakafuta kwa mkono.

Halafu nikaiambia Portage ijenge libxcrypt ili ilete faili jipya. Haikufika hata dakika moja. Ili kuijenga libxcrypt unahitaji perl. Perl haiamki bila libcrypt.so.1. Na libcrypt.so.1 ndiyo nimeifuta. Lile duara la freetype nililikuta. Hili nililichora mwenyewe kwa kalamu yangu.

Hata hapo nilikuwa sijafa. Dirisha moja la msimamizi mkuu lilikuwa bado wazi, na lenyewe halikuhitaji faili lile. Ningeweza kuchomeka flashi ya uokozi, nikarudisha faili, nikatulia. Flashi ilikuwa kwa yule mkubwa wa kijiweni. Nikatoka mbio kuifuata, na nikiwa njiani mtaa mzima ukaingia giza.

Umeme uliporudi ilikuwa saa tano usiku. Mashine ikawaka vizuri tu, ikaniuliza jina, ikaniuliza nywila, ikanikatalia. Nywila ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni kile cha kuikagulia. Nikajaribu jina la dada, wapi. Nikakaa sakafuni. Ndani ya mashine ile kulikuwa na ripoti ya kurasa 62 ya binti mmoja wa chuo, ambayo dada alimaliza kuichapa Jumamosi, na binti alikuwa anaifuata Jumatatu saa moja asubuhi kuiwahisha kwa msimamizi wake.

Simu ikaita. Dada.

"Vipi huko, mbona hurudi? Kuna nini?"

"Umeme, dada. Umekata mashine iko katikati ya kazi. Umeharibu mfumo."

"Masikini! Pole mdogo wangu. Si uliache tu, uje ule."

Ningependa kusema sauti yangu ilitetemeka. Haikutetemeka hata kidogo.

Yule mkubwa alikuja mwenyewe na flashi, saa sita kasoro. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari za perl na duara. Hakutaka kusikia. Aliiwasha mashine kwa mfumo ulio kwenye flashi, akaifungua diski ya ndani, akauliza: "Kazi za watu ziko folda gani?" Akazinakili zote kwenye flashi nyingine, ile ya kurasa 62 ikiwa ya kwanza. Dakika nne. Diski ilikuwa nzima muda wote, ni mlango tu uliofungwa, na katika saa zote nilizohangaika wazo hilo halikunijia, kwa sababu nilikuwa naitengeneza Gentoo, siyo steshenari.

Baada ya hapo ndipo akashughulika na mgonjwa. Akanakili libcrypt.so.1 kutoka kwenye flashi hadi mahali pake, faili lisilofika hata megabaiti moja. Akaingia ndani ya mfumo wetu akiwa juu ya mfumo wa flashi, akaita perl, perl ikaitika. Kisha akafanya lile ambalo Portage iliniambia tangu mchana: vile vifurushi vya zamani kwanza, kimoja kimoja, halafu libxcrypt, halafu glibc, halafu vyote vilivyokuwa vinaegemea huko. Mashine ikapika usiku kucha na siku iliyofuata mpaka magharibi.

Kwa hiyo Jumatatu saa moja asubuhi kompyuta yetu ilikuwa haishikiki. Binti akafika. Dada akamwambia, "Samahani sana mdogo wangu, umeme wa jana umetuharibia mashine, lakini kazi yako tunayo." Alikuwa ananitetea kwa uongo niliompa mwenyewe. Nikatumwa na flashi kwenye steshenari ya jirani, yule yule ambaye dada hawasalimiani vizuri, nikatoa kurasa 62 kwa shilingi 200 kila moja. Dada alilipa mfukoni mwake, na kwa binti hakudai hata senti. Jirani alikuwa anahesabu zile karatasi polepole, anatabasamu.

Tangu siku ile nina daftari. Ni la shule, la kurasa 48, linakaa chini ya kibodi. Kila ninapoigusa mashine naandika tarehe, nilichofanya, na mashine ilichosema, kuanzia juu. Ukurasa wa kwanza niliuandika wiki ile ile, kwa ajili yangu mwenyewe, kwa hiyo sikuzuga: "14/11/2021. Sijasasisha tangu mwezi wa 6. Nimefuta libcrypt.so.1 kwa mkono. Perl imekufa. Baadaye umeme umekatika."

Nilisahau kwamba dada ni mtu wa madaftari. Ana la mauzo, la madeni, la wino. Daftari lolote likikaa kwenye meza ile yeye analisoma. Siku moja, mwaka 2022 umekwishaanza, nilimkuta amelifungua, miwani puani.

"Hapa," akasema. "Umeandika 'kwa mkono'. Mkono wa nani?"

"Wangu, dada."

"Kabla ya umeme?"

"Kabla."

Hakusema kitu. Alilifunga daftari langu akalirudisha chini ya kibodi, taratibu, likakaa sawa na lilivyokuwa. Kisha akavuta lile la madeni, akatafuta ukurasa mweupe, akaandika jina langu kamili, la kwanza na la baba, na mbele yake: 12,400.