Kontrola Ikae Karibu na Betri

Jangwa la Arizona halina upungufu wa jua. Kila majira ya baridi wenye magari-nyumba hushuka kutoka kaskazini mwa Marekani na Kanada, wakapiga kambi kwa maelfu kuzunguka mji mdogo wa Quartzsite, jangwani kusiko na nguzo ya umeme. Taa, pampu ya maji na feni ya hita hutegemea betri ya volti 12, na betri hutegemea paneli za kukunjwa zinazosimamishwa mchangani asubuhi. Nami ni miongoni mwa wanaozisimamisha, na kazi hii imenifunza jambo kubwa kuhusu kumtunza mtu.

Paneli ya wati 100 ikiwa juani hufanya kazi kwenye volti 18 hivi. Betri ya asidi ikiachiwa umeme huo bila kizuizi hujazwa kupita kiasi, maji yake yakachemka na kuharibika. Ndiyo maana katikati pana chaji kontrola. Huyo ndiye mlezi: betri ikiwa imeshuka, huiachia umeme wote; inapokaribia kujaa, hushikilia volti kama 14.4 na kupunguza mkondo kidogo kidogo. Ikishajaa, huibakizia cha kuitunza tu.

Sasa, paneli nyingi za kukunjwa huuzwa kontrola ikiwa imefungwa mgongoni mwa paneli. Tuseme zinatoa ampea 10, nazo zimewekwa mita 6 kutoka kwenye gari lililoegeshwa kivulini. Kwa waya wa milimita mraba 2.5, volti karibu 0.8 hupotea njiani. Kontrola inasoma 14.4 pale ilipo na kuanza kubana umeme. Betri, kule mwisho wa waya, ina 13.6. Hujaa kwa kuchelewa, na siku fupi ya Januari huisha kabla haijashiba. Betri ya asidi inayolala hivyo mara kwa mara hufanya ukoko wa salfeti kwenye bamba zake, na uwezo wake hupungua moja kwa moja.

Dawa yake si kuongeza paneli. Fungua kontrola, uihamishie ndani ya gari karibu na betri, uziunganishe kwa waya mfupi na mnene, na uweke fyuzi karibu na betri. Waya mrefu ubaki upande wa paneli, ambako volti zina ziada ya kupotea. Tena unganisha betri kwanza, paneli baadaye, ili kontrola ijue inamhudumia nani kabla ya kupokea nguvu za jua.

Ninapofunga waya hizi huwafikiria wenzangu tunaoishi ughaibuni na kutuma fedha nyumbani. Sisi nasi husoma kipimo cha upande wetu, yaani kiasi kilichotoka. Tukipiga simu, mama hujibu, "Hatujambo mwanangu, tunamshukuru Mungu," kwa kuwa mzazi hapendi kumtia wasiwasi mwana aliye mbali. Tunaridhika. Kumbe njiani pana karo ya mjukuu, deni la dukani, msiba wa jirani, na kilichomfikia yeye mwenyewe ni kidogo. Fimbo ya mbali haiui nyoka, walisema wahenga, na kwangu methali hii inahusu malezi sawasawa na vita.

Naamini kila anayetuma anahitaji mtu wa kukaa karibu na anayetumiwa: dada, binamu, jirani mwema anayeingia jikoni bila kubisha hodi mara tatu na kuona sufuria ina nini. Mtu huyo aheshimiwe, na akisema hali si nzuri, aaminiwe kuliko risiti. Na siku tunayopiga simu wenyewe, tusianze kwa kuuliza kama fedha zimefika. Tuulize hali kwanza: mama, jana ulikula nini, na dawa za presha zimebaki za siku ngapi?