Manifoldi ya Datsun na Mkopo wa Chama

Kwa mpwa, huko Kawangware,

Laini Saba sote wazima, na goti la mama yako lina nafuu. Ila mjomba wako halali vizuri tangu asikie umekopa kwenye chama cha mama yako ununue manifoldi ya kabureta mbili za Weber ya kuwekea ile Datsun 1600 SSS, na kwamba ile ya zamani umeshamwahidi muuza vyuma. Ni kweli?

Gari kama hilo ndilo Edgar Herrmann na Hans Schüller walilotumia kushinda Safari Rally mwaka 1970. Lilitoka kiwandani na kabureta mbili tayari.

Injini yake, L16 ya cc 1,595, si kama ya Escort. Hewa huingia na moshi hutoka upande uleule wa hedi. Manifoldi ya hewa na ya ekzosi hutumia gasketi moja, na kuna nati zinazozibana zote mbili kwa washa moja nene. Miaka ya 1980 mteja mmoja alileta gereji manifoldi inayong'aa kama sahani ya harusi. Flanji yake ilizidi ile ya ekzosi unene kwa milimita mbili hivi. Kijana aliyepewa kazi akabana tu. Washa ikakaa mshazari, huku imeshika, huku inaelea. Gari likisimama kwenye taa unasikia sss, sss. Silinda ya nne ikawa inavuta hewa nyingi kupita kiasi, plagi ikatoka nyeupe kama chaki. Mwenye gari akaona linaenda, akalipeleka Naivasha. Kurudi, akipanda kutoka Mai Mahiu, pistoni ikatoboka.

Kijana huyo, kama hukuwahi kuambiwa, ni mjomba wako. Alifanya kazi miezi minne bila mshahara kulipa hasara hiyo.

Weber zenye koo pana hufurahia injini inapozunguka kasi. Kwenye foleni ya Ngong Road hewa hujikokota mirijani, na petroli inaingia matone badala ya ukungu. Tena Nairobi ni mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa nyepesi. Jeti zilizopangwa kwa nchi za tambarare zitamwaga petroli kupita kiasi. Kama ni kwa ajili ya kufungua boneti Ngong Racecourse siku ya Concours d'Elegance, sema hivyo. Urembo nao ni sababu, ila si ya kukopea pesa za mama.

Ikiwa umeshalipa, pima flanji zote mbili kwa venia, na iliyo nene ichongwe kwa mashine zilingane. Gasketi iwe mpya. Ipachike kwanza uone kama inaziba tundu lolote. Kaza kutoka katikati kwenda pembeni. Mkopo urudishwe mapema.

Injini ya hiyo Datsun yako ilipofungwa hukumwita mjomba wako, akasikia kwa watu. Hayo yamepita. Manifoldi ya zamani isiuzwe kabla ya Jumapili. Atapanda matatu ya asubuhi aje aitazame. Na ile spana namba 12 uliyoazima Krismasi ya juzi, itafute.

Mjomba wako,
Laini Saba