Siku nilipokata kanga ya mama mkwe

Kama kwako kuna kochi ambalo mgeni hajalikalia tangu Idi iliyopita, maana limejaa nguo zilizofuliwa zikisubiri kukunjwa, basi sogeza hizo nguo pembeni tukae wote. Mimi langu nililibatiza jina, Mlima Uluguru. Mtoto akitaka soksi anaupanda, anachimba wee, anashuka na soksi moja. Ya pili mtajuana huko mbele.

Tunaishi Tabata, vyumba viwili na sebule, na humo tumo watu sita: mimi, baba watoto, watoto watatu na mdogo wangu wa kike anayesoma chuo. Natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri niwahi daladala, narudi saa moja usiku miguu imevimba. Sasa niambie, mtu huyo huyo ndiye akunje nguo? Nilikuwa najipa moyo kwamba nitapanga Jumapili. Jumapili ikifika kuna msiba, kuna kitchen party, kuna usingizi. Vitu vinaingia ndani ya shangazi kaja, zipu inafungwa kwa kupigwa goti, begi linasukumwa uvunguni, maisha yanaendelea.

Nilikuwa nacheka tu, mpaka mwezi wa saba mwaka 2022, ule msimu wa baridi ya Dar ambayo watu wa Iringa wanaicheka. Kijana wangu wa pili ana pumu. Wakati huo alikuwa na miaka saba. Saa nane usiku nikasikia kifua chake kinapiga filimbi kutoka chumba cha pili. Nikaenda, nikamkuta amekaa kitandani ameshika magoti, mbavu zinaingia na kutoka, anataka kuniita lakini sauti haitoki.

Dawa yake ile ya kupuliza, yenye kopo la bluu, ilikuwepo. Naapa ilikuwepo, nilikuwa nimeinunua wiki moja kabla. Iko wapi? Nikaanza na kochi. Nikaurusha Mlima Uluguru wote chini. Nikavuta shangazi kaja la kwanza, la pili, nikamwaga viatu, madaftari, chaja zilizokufa, kadi za harusi za watu walioshaachana. Baba watoto akawa anafungua makabati ya jikoni ananiuliza, "Wewe uliiweka wapi?" Na mimi namjibu, "Kwani mimi peke yangu ndiye mwenye mikono humu?" Fikiria, mtoto anakosa pumzi na sisi tunagombana juu ya sufuria.

Hatukuipata. Tulimfunga kwenye kanga, tukapanda bajaji ya jirani mpaka hospitali. Kule wakamvutisha dawa kwa mashine, na baada ya muda rangi ikamrudia. Nilikaa kwenye benchi na viatu viwili tofauti miguuni. Nesi aliyekuwa zamu, mama mmoja mtu mzima mwenye sauti ya upole, akaniuliza, "Mama, hii dawa nyumbani inakaa wapi?"

Nikasema, "Inakaa... ndani."

Akatingisha kichwa tu. Hakunigombeza, na ndiyo iliyoniuma zaidi. Kabla hatujaondoka alituonyesha jinsi ya kutoboa kitako cha chupa ya maji ya nusu lita ili mdomo wa dawa uingie kwa kubana, mtoto avutie pale kwenye mdomo wa chupa, maana wengi wao wakipuliza moja kwa moja dawa inaishia ulimini. Akauliza pia kama tuna zulia, mapazia mazito, na nguo zilizorundikana, kwa sababu vumbi la humo linaweza kuamsha pumu. Jamani! Mwanamke huyu alikuwa kama kaishi kwangu.

Dawa tuliipata asubuhi. Unajua ilikuwa wapi? Ndani ya kifuniko cha cherehani. Binti yangu wa kwanza ndiye aliyeiweka. Nilipomuuliza, akanitazama kama mimi ndiye mtoto. "Si ulisema tuiweke mahali ambapo haitapotea? Mle huwa hamfungui."

Na kweli tulikuwa hatufungui. Ile cherehani ni ya marehemu mama yangu, ya mkono, nyeusi, maandishi yake ya dhahabu yameshafutika. Mama alikuwa akishona barazani kwetu Ngamiani, Tanga, magauni ya Idi na sare za shule, na sisi tulikuwa tunalala kwa mlio wake. Alipofariki nikaibeba kwenye basi hadi Dar kwa heshima zote, halafu nikaiwekea televisheni juu yake. Miaka sita!

Siku ile niliiteremsha televisheni.

Mpini haukuzunguka. Nikamwita fundi cherehani wa pale sokoni, akaifungua, akatoa uzi uliosokotana kama nywele za mtu aliyeugua, akaipaka mafuta yake, akabadilisha sindano akaweka namba 16, kwa kuwa nilimwambia nitashona vitambaa vizito. Shilingi elfu kumi. Ilipoanza kulia ule mlio wake, nilienda chooni nikajifuta macho kidogo, nikarudi.

Kazi ya kwanza ilikuwa mfuko wa mlangoni. Naueleza taratibu kwa sababu huu ndio uliobadilisha nyumba yangu. Mengine ni mbwembwe. Nilichukua shuka nzito la mtumba, nikakata kipande cha sentimita 60 kwa 120, nikakunja pindo pande zote. Hicho ndicho mgongo. Juu yake ndipo zinakaa safu tatu za mifuko, kila safu mifuko mitatu. Safu ya kwanza niliikata sentimita 60 sawasawa na mgongo, nikashona, nikajisifu. Kumbe ujinga! Mfuko ukiwa sawasawa na mgongo hauna tumbo, ukitia kitu kinagoma. Nikafumua usiku ule ule. Kitambaa cha mifuko lazima kizidi: mimi nilikata sentimita 90 kwa mgongo wa 60, yaani kila mfuko wa 20 ukapewa kitambaa cha 30, na kile kilichozidi nikakilaza mkunjo mmoja kila upande. Ukishona mdomo wa mfuko, yaani lile pindo la juu, ushone kabla hujaubandika kwenye mgongo. Ukishabandika umechelewa. Na pale mdomo unapokutana na mshono wa kugawa, rudisha cherehani mara tatu, maana watoto hawafungui mfuko, wanauchana.

Juu nilikunja njia pana, nikapitisha mti wa fagio lililochakaa, nikafunga kamba mbili kwenye misumari ya mlango. Sikupigilia kitambaa chenyewe, kwa makusudi. Kitambaa kinakusanya vumbi, na vumbi ndilo adui yetu. Kila mwisho wa wiki mbili navuta mti, mfuko unaingia kwenye beseni, jioni uko mlangoni tena.

Dawa ya bluu pamoja na chupa yake nilizishonea mfuko wao katika safu ya kati, usawa wa mkono wa kijana mwenyewe. Nilitumia kitambaa chekundu cha sketi iliyomkataa dada yake, na mdomoni nikabandika kifungo kikubwa cha koti. Umeme ukikatika, ukipapasa mlango unakutana na kifungo. Dawa nyingine zote, za homa na za tumbo, zilipanda juu ya kabati ambako yule mdogo wa miaka miwili hafiki. Safu ya juu zikakaa kadi za kliniki na vyeti vya kuzaliwa, ambavyo huko nyuma vilikuwa vinaishi ndani ya Biblia, ndani ya albamu na kimoja ndani ya friji, usiniulize kwa nini.

Sasa kanga. Kitambaa chepesi cha mifuko sikuwa nacho, na ilikuwa usiku. Kabatini kulikuwa na kipande kimoja cha doti aliyoniletea mama mkwe nilipojifungua huyu huyu kijana. Kipande cha pili kilishachakaa kwa kubebea watoto. Nikajiambia, kinachobaki kimoja si doti tena, nacho kitumike. Nikakata. Kanga hiyo ilikuwa imeandikwa SITAKI UGOMVI NA WEWE. Mimi na mkasi wangu tulianza kukata katikati ya jina bila kuangalia, neno SITAKI likabaki kwenye kipande kilichosalia, na mifuko mitatu ya safu ya chini ikasimama mlangoni ikisema hivi: UGOMVI, NA, WEWE.

Mimi sikuliona. Baba watoto hakuliona. Aliyeliona ni mama mkwe alipokuja wiki ya pili kumjulia hali mjukuu. Nikampokea, "Shikamoo mama," akaitikia, akakaa kwenye kochi (ndiyo, kochi lilikuwa limeshapata nafasi), akainua macho mlangoni. Kimya. Akasoma tena kwa midomo. Halafu akamgeukia mwanawe, "Hii si kanga yangu mimi?"

Mdogo wangu akakimbilia jikoni kucheka. Nilieleza mpaka jasho likanitoka. Kwa bahati mbaya nikataka kumwonyesha ushahidi kwamba neno lililobaki lipo, na lilikuwa lipo kweli: nilikuwa nimelishonea kishikio cha sufuria. Nikamletea mama mkwe chai, birika nimelishika kwa kitambaa kilichoandikwa SITAKI. Ndugu yangu, siku nyingine kaa kimya.

Baada ya mfuko ule nikapata wazimu wa kushona, na si kila kitu kilifaulu. Niliona nitengeneze mifuko mitano kwa kila mtoto wa shule, ya Jumatatu hadi Ijumaa, kila mmoja na sare yake iliyopigwa pasi. Mifuko kumi! Wiki ya kwanza ilipendeza, wiki ya pili sare za Alhamisi zikavaliwa Jumanne, wiki ya tatu mifuko ikawa ya kuwekea gololi. Kwa familia yenye sare mbili mbili hiyo ni kazi ya bure. Tatizo la soksi lililonisumbua miaka yote nilikuja kulimaliza bila hata kushona: pini. Ukivua, unabana jozi yako kwa pini, zinafuliwa zikiwa zimebanwa, zinaanikwa zimebanwa. Asiyebana hafuliwi. Hata baba watoto anabana.

Mashuka nayo yaliacha kupotezana. Shuka mbili na foronya moja vinakunjwa na kuingizwa ndani ya foronya ya pili ya seti hiyo hiyo, unavuta kifurushi kimoja tu. Jinzi zilizochanika magotini zikawa mifuko ya sokoni, maana tangu ile mifuko ya nailoni ipigwe marufuku Juni 1, 2019, mimi nilikuwa nanunua mfuko mpya kila niendapo gengeni kwa kusahau. Ukikata mguu wa jinzi ukashona chini, mfuko umekwisha. Mikanda toa kwenye mguu wa pili.

Vitambaa vya kochi, vile vya kufuma, niliviondoa vyote. Najua kuna watakaoninunia. Ni vizuri, vina heshima yake, mama yangu alivipenda, lakini mwanangu alikuwa akilaza kichwa pale anaamka anapiga chafya. Vimefungwa, vinasubiri harusi ya binti. Ushauri mmoja tu kwa atakayejaribu kutumia kanga mpya: ifue kwanza kabla ya kukata. Mimi mfuko wangu wa pili ulifuliwa ukarudi umejikunja, chupa haikuingia tena.

Mimi si daktari, na pumu ya kijana haijaondoka. Anahudhuria kliniki, ana dawa yake ya kila siku. Lakini mwezi wa tano mwaka uliofuata, usiku, nilishtuka nikasikia mlango unagonga gonga kidogo. Nikatoka. Umeme haukuwepo. Kwenye giza nikamwona kijana amesimama mlangoni, mkono mmoja umeshika kifungo cha koti, mwingine umeshika chupa, anavuta pumzi taratibu kama alivyofundishwa. Nikataka kumkimbilia, akaniinulia kiganja nisubiri. Akamaliza. "Nilitaka nisikuamshe," akasema, akarudisha dawa mfukoni, akaenda kulala. Mimi nilikaa sebuleni mpaka adhana ya alfajiri, nikienda kumsikiliza kifua kila baada ya dakika chache.

Mama mkwe alikuja tena mwezi uliopita. Safari hii alikuwa na kifurushi kwapani. Akakitupa mapajani mwangu: kipande cha kanga, kimefuliwa, kimepigwa pasi. Amechoka kutafuta miwani yake na dawa za presha, anataka mfuko wa mlangoni kama wa mjukuu wake.

"Ila mwanangu," akasema huku anavua viatu, "hayo maandishi nitayasoma mwenyewe kabla hujashika mkasi."