Mbwa Wanne Garini

Sisi wa Mombasa tumelelewa kumwepuka mbwa. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Basi hapa Massachusetts, Marekani, jirani alipotuomba gari letu, tulisita. Watoto wakauliza: itakuwaje swala?

Jirani akatueleza. Katika majimbo ya kusini kama Texas mbwa huzaliwa wengi kuliko wa kuwachukua, na vituo vikijaa, wengine huuawa. Kaskazini wako wanaowangoja. Wenye kujitolea hupokezana njia, kila dereva na kipande chake. Mbwa husafiri na cheti cha daktari wa mifugo, na wakifika hutengwa saa 48 kabla ya kukabidhiwa.

Tukakumbuka habari aliyotusimulia Mtume (S.A.W.) ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Tukatandika turubai, tukafunga vizimba, tukawachukua wanne. Huruma haikutuondolea wajibu wa twahara, wala twahara haikutukataza huruma. Usiku ule tuliliosha turubai mara saba, ya kwanza kwa udongo, kisha tukaswali Isha pamoja na watoto.