Bukoba Ilipotekwa

Ukipanda basi hapa Kagondo kwenda Bukoba, shuka mjini uteremke mpaka ufukoni, kisha utazame kaskazini. Huko, chini ya magenge, walishuka askari wa Waingereza tarehe 22 Juni 1915. Walitoka Kisumu kwa meli, Jemadari Stewart akiwaongoza: Wazungu, Wahindi na Waafrika wa K.A.R.

Walitaka nini? Mnara wa simu ya upepo, ambao Wajerumani waliutumia kupelekeana habari za vita. Walipigana siku mbili. Tarehe 23 Wajerumani waliuacha mji, na mnara ukavunjwa kwa baruti. Kisha askari wakaingia majumbani, wakapora. Jioni ile ile wakapanda meli wakaenda zao, na Wajerumani wakarudi. Waingereza waliushika mji moja kwa moja mwaka 1916 tu.

Basi, pima mwenyewe. Mnara ulikuwa wa serikali, lakini nyumba zilikuwa za watu. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Siku utakapowapeleka watoto kuliona ziwa, wasimulie na habari hii.