Oili ya Mashine ya Mashua

Sisi tukaao kandoni mwa Ziwa Victoria twapanda mashua za mashine mara kwa mara, wala wachache huuliza kama mashine ile imepata oili yake. Mashine nyingi ndogo, zile za mipigo miwili, hazina mahali pa kukaa oili ndani yake. Oili huchanganywa na petroli, huilainisha pistoni, kisha huungua ikawa moshi. Basi kila safari yataka oili mpya. Kwa nyingi kipimo ni sehemu 1 kwa 50, yaani dumu la petroli la lita 20 lataka oili mililita 400. (Kitabu cha mashine yako ndicho mwamuzi.)

Nahodha mmoja alikuwa akikisia kwa jicho tu, akisema oili ni ghali. Siku moja pistoni ikashikamana na silinda katikati ya maji, nasi tulikuwa abiria tisa. Tulipiga makasia hata usiku, upepo ukituelekea, na mama mmoja ana mtoto mchanga.

Mashine ya mipigo minne hutunza oili yake yenyewe. Ipime kwa kijiti chake, mashine ikiwa wima na imepoa. Ukiiona oili imekuwa kama maziwa, maji yameingia, usiondoke pwani.